Nukta Kumi na Mbili za Dokta Mwenze

Usiseme hukuona. Ulipita mbele ya gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, mwezi wa tatu wa mwaka tisini na tatu, ukageuza shingo kutazama maduka ya upande wa pili, kana kwamba kulikuwa na kitu unachotaka kununua. Maduka yalikuwa yamefungwa, bwana. Ulikuwa unatazama mabati. Nyuma yako, watu waliokuzalishia mke, waliokufundisha kusoma, waliokushonea suruali ya harusi, walikuwa wamelala juu ya magodoro yao kando ya reli, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao waliijua kwa kusimuliwa tu. Nawe ukatazama mabati.

Basi kwa kuwa macho yako yalikuwa na kazi nyingi siku zile, leo toa masikio. Hii si habari ya panga wala ya nyumba iliyochomwa. Za hizo una majibu tayari: ni vijana, ni wanasiasa, ni pombe. Hii ni habari ya karatasi. Ni habari ya watu wenye tai shingoni, wanaonawa mikono kabla ya kula.

Kule Dilala, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba za matofali ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake, alikaa muuguzi mmoja jina lake Badibanga. Baba yake aliletwa na Wazungu kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, akachimba mpaka vumbi likamjaa kifuani, akazikwa hapa hapa. Badibanga alizaliwa Kolwezi. Binti yake Ntumba alizaliwa Kolwezi, wodi ya pili, kitanda cha karibu na dirisha. Kasai yao ilikuwa katika majina, na katika ubishi wa mezani: mama anasema nshima, watoto wanasema bukari, na wote wanakula ugali ule ule.

Ntumba alitoka sekondari na diploma ya asilimia sabini na moja. Miaka ile sabini na moja haikuokotwa njiani. Alitaka udaktari, na alikuwa ameuanza kabla ya kuruhusiwa, kwa maana mwaka uliotangulia kipindupindu kiliingia kambini kwa wafanyakazi, wauguzi wakawa hawatoshi, baba yake akamvalisha koti jeupe la mtu aliyestaafu na kumwambia, "Kuya," yaani njoo.

Dawa yenyewe ilikuwa maji, chumvi na sukari, na kipimo chake kilikuwa cha litre moja. Lakini nani kambini alikuwa na chupa ya litre? Chupa zilizokuwapo zilikuwa za bia ya Simba, na chupa ya Simba haifiki litre. Wamama walikuwa wanatia chumvi ya litre nzima katika chupa pungufu, wanamnywesha mtoto kwa upendo wote, na mtoto anazidiwa mikononi mwao. Madaktari watatu walipita pale wasione. Aliyeona ni Ntumba. Alimimina, akapima, akahesabu, kisha akaandika kwa makaa juu ya ukuta wa wodi kipimo cha chupa ya Simba, kwa tarakimu kubwa za kusomeka toka mlangoni. Siku kumi na moja hakurudi nyumbani.

Dokta Mwenze, mkuu wa hospitali, alisimama mbele ya ukuta ule akavua miwani.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mi, Dokta."

"Weye utakuwa munganga," akasema, yaani daktari. "Na mi njo nitaandika barua yako."

Watu walimsikia akisema ni yeye ndiye atakayeiandika. Maneno hayo yalimpendeza kuyasema, maana alikuwa na deni la heshima katika nyumba ile. Huyu Mwenze, mtoto wa Katanga ya kaskazini, alipofika kutoka chuoni na diploma ingali mbichi, alipapasa mkono wa mtoto mchanga kama mwizi wa mara ya kwanza anayetafuta kufuli. Ni Badibanga aliyemshika kiganja na kumwonyesha mshipa ulipo. Alifanya hivyo polepole, na mbele ya wagonjwa akamwita "Dokta" ili wasimcheke.

Ikaja saa ya barua. Chuo cha Lubumbashi, kilichokuwa kimefungwa kwa fujo, kilitangaza kwamba kitapokea wanafunzi wa udaktari. Dosie, yaani faili la maombi, ilihitaji diploma, picha, na barua tatu za kumsifia mwombaji: ya mkuu wa shule, ya mtu wa dini, na ya daktari aliyemwona akifanya kazi. Bila ile ya daktari, bahasha hazifunguliwi hata. Dosie zote za shule zingekusanywa katika mfuko mmoja kwa prefe, yaani mkuu wa sekondari, na mfuko ungeondoka siku ya Ijumaa, siku ya tano kama tusemavyo Kolwezi. Ijumaa moja tu. Tena wakati huo, mjini, milango ya Wakasai ilikuwa imeanza kuchorwa alama za chokaa, na redio ilikuwa inawaita wadudu, maana wakubwa wa Katanga walitaka wenye asili ya Kasai wafukuzwe jimboni.

Padri Henri aliandika yake asubuhi ile ile. Aliandika kwamba Ntumba anaimba vizuri, anafua vitambaa vya altare na hajibizani na wakubwa. Ukiisoma ungedhani msichana anaomba usista. Lakini aliandika jina la msichana, akatia sahihi. Tumpe hicho, mwenzake mmoja hakufika hata hapo.

Prefe Kitenge alimpokea amesimama, mlango wazi, ili kila apitaye aone kwamba hakuna siri.

"Ntumba, mwanangu, mi sina shida na weye. Ile saa tu njo iko mubaya."

"Dosie inaenda siku ya tano, Tata Prefe."

"Najua. Nimeandika."

Akampa karatasi. Juu kulikuwa na nembo ya shule, chini kulikuwa na muhuri mkubwa kama sahani, na katikati mstari mmoja: *Ntumba Badibanga alisoma hapa.*

"Ni hii tu?"

"Ni kweli, ama haiko kweli? Hakuna mutu atanipigia juu ya kweli."

"Tata Prefe, hata mbuzi ya sentinele ilisoma hapa. Miaka sita, kila siku mu kiwanja."

Prefe alitazama mlangoni. "Unaona? Mudomo. Njo ile mudomo yenu inaleteaka mambo."

Yenu. Alimfundisha miaka sita, akamwita mbele ya wakaguzi aeleze mzunguko wa damu bila kitabu, na siku ile akawa "nyinyi".

Ntumba akaipokea ile karatasi ya mbuzi wa mlinzi. Barua mbili mkononi, moja ya altare na moja ya mahudhurio tu. Zote hazikuwa na neno ila zilikuwa na jina. Ikabaki ya tatu, na ya tatu ingebeba zile mbili mgongoni.

Jumanne akaenda hospitali. Dokta Mwenze hakumkawiza. Alifunga mlango, akafungua mtoto wa meza, akatoa barua iliyopigwa kwa mashini, ukurasa mzima.

Ntumba alisoma akiwa amesimama. Siku kumi na moja zilikuwamo. Ukuta na makaa vilikuwamo. Chupa ya Simba ilikuwamo, pamoja na hesabu. *Katika miaka yangu yote ya kazi,* aliandika Dokta, *sijaona mwanafunzi mwenye jicho kama hili.* Chini, sahihi yake yenye mkia mrefu, na muhuri wa hospitali. Msichana akahisi macho yanamchoma, akarudi juu kusoma tena tangu mwanzo ili asilie mbele ya mtu mzima. Ndipo akaona. Pale palipopaswa kuandikwa nani huyu mwenye jicho, palikuwa na nukta. Alizihesabu. Kumi na mbili.

"Dokta, jina inakosa."

"Utaijaza mwenyewe. Ku nyumba, polepole."

"Juu ya nini?"

"Karatasi inatembea, mutoto yangu." Alishusha sauti, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Kama bale bavijana banaikamata, banasoma Mwenze anasifia nani? Eh? Lakini vile, mi nitasema: mi niliandika juu ya mwanafunzi moja tu. Hakuna jina. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Dokta."

"Musalimie tata Badibanga. Umwambie mi siwezi musahau."

Mtazame vizuri mtu huyu. Wauaji hutoka na panga barabarani, unawaona, unaweza kukimbia. Huyu alitaka kuwa mwema pasipo kuonekana. Alitaka asikose usingizi upande huu wala asikose cheo upande ule, akapata njia: atende haki, lakini aitendee nukta kumi na mbili.

Nyumbani Badibanga alivaa miwani, akasoma barua mara mbili, akaiweka juu ya kitambaa cha meza kama kitu kinachovunjika.

"Muzuri sana," akasema. "Lakini haujaze."

"Papa, yeye mwenyewe alisema nijaze."

"Alisema na mudomo. Mudomo haina muhuri. Ntumba, sikia. Miaka makumi tatu mi niko mu hii kazi. Pa karatasi ya munganga, muuguzi haandike hata virgule, hata nukta. Mi niliona mutu, Kisimba, muuguzi wa muzuri, aliongeza nambari moja pa ordonansi, karatasi ya dawa ya dokta, juu ya kumusaidia mugonjwa. Alifungwa mu buloko miaka mbili. Mwenye kutia sahihi njo anaandika. Ukitia jina na bic yako, banasema ni faux, barua ya uongo, na barua inakufa, na weye unakufa nayo."

"Basi tufanye nini?"

"Uirudishe kwa Mama Laurentine, ku mashini. Aandike na ile ile mashini, Dokta aone, iishe."

Mama yake, aliyekuwa anafunga vyombo ndani ya shuka, alisema bila kugeuka: "Badi, jaza jina ya mutoto. Leo. Na bic, na makaa, na damu kama unataka."

"Kanuni ni kanuni, Mama Ntumba."

Mlango wao ulikuwa na alama ya chokaa. Serikali nzima ilikuwa imetupa kanuni zake jalalani, gavana na askari na redio, na mtu mmoja katika Dilala alikuwa bado ameshika kanuni ya hospitali kwa mikono miwili. Umcheke ukitaka. Ila ujue ni kanuni hiyo hiyo iliyofanya miaka thelathini usichomwe sindano isiyo yako.

Jumatano Ntumba akaipeleka barua. Mama Laurentine, mwandishi wa mashini wa Dokta, alikuwa mwanamke wa sala, mnene, mwenye sauti ya uji wa moto. Ndiye aliyeipiga barua ile neno kwa neno, akijua ni ya nani.

"Mama, ni jina tu. Ni dakika moja."

"Aa, mama, mi peke yangu siwezi. Dokta alienda mu mukutano. Acha hapa. Akirudia nitamuuliza. Kuya kesho."

"Mama Laurentine, dosie ni siku ya tano."

"Si ni kesho tu, mama? Kesho haiko mbali. Tusali."

Akaiacha. Msichana mwenye jicho ambalo Dokta hakuwahi kuona mfano wake aliiacha barua yenye sahihi, yenye muhuri, yenye pengo, mezani kwa watu wenye hofu. Alifanya hivyo kwa kuwa alilelewa vizuri.

Alhamisi asubuhi vijana wenye vitambaa kichwani walifika katika mstari wa nyumba zao. Hawakupiga kelele nyingi. Walisema tu, "Muende kwenu," na nyuma yao, uani, familia moja ilikuwa tayari inangoja na meza yake kichwani ili iingie. Kufikia saa sita mchana Badibanga alikuwa gare, ameketi juu ya sanduku, na koti lake jeupe limekunjwa mapajani. Ntumba alipoweza kutoka akakimbia hospitali. Mama Laurentine alikuwa anabadilisha utepe wa mashini, vidole vyeusi.

"Dokta aliichukua," akasema.

"Na jina?"

"Jina iliandikwa."

"Aksanti, mama! Aksanti sana! Iko wapi?"

Laurentine aliendelea kuzungusha utepe. "Ilienda kwa Prefe. Na zingine. Uende kule, mama. Mi niko na kazi."

Ntumba alikwenda, akakuta ofisi imefungwa. Akarudi gare akamwambia baba yake jina limeandikwa kwa mashini ile ile, na mzee akaitikia kwa kichwa, kwa furaha: "Si nilikuambia?"

Ijumaa, shuleni, kulikuwa na kupandisha bendera. Unakumbuka, maana ulikuwapo: wanafunzi, walimu, wazazi wenye watoto waliomaliza. Madawati ya watoto wa Kasai yalikuwa yamebaki wazi wiki nzima na hakuna mwalimu aliyeuliza. Ntumba aliingia na nguo ya jana, akasimama karibu na lango. Mfuko wa dosie ulikuwa juu ya kiti. Prefe Kitenge alipenda sherehe, na kabla ya kufunga mfuko alitaka shule ijisikie kubwa. Akatoa barua.

"Musikie," akasema, "namna munganga mukubwa anaandika juu ya mutoto wa hii shule!"

Akasoma. Siku kumi na moja. Ukuta. Makaa. Chupa ya Simba na hesabu yake. Kila mtu wa Dilala alikuwa anamwona msichana yule yule ndani ya maneno yale. Ntumba aliweka mkono mdomoni. Kisha prefe akafika penye jina, akalisoma kwa sauti ya kengele:

"Fidélie Mwenze!"

Fidélie alikuwa mtoto wa kaka yake Dokta. Msichana mzuri, hana ubaya. Wakati wa kipindupindu alifika wodini mara moja, akaona mtoto anatapika, akasema anakwenda kununua maandazi. Hakurudi, wala maandazi hayakuonekana. Sasa alitoka mbele akitazama viatu vyake.

Na wewe ulifanya nini? Ulipiga makofi. Polepole kwanza, ukiangalia jirani. Halafu jirani akapiga, ukapiga kwa nguvu.

"Fidélie!" Sauti ilitoka langoni. "Fidélie, yaya, dada yangu, chumvi ngapi mu chupa ya Simba?"

Makofi yakakatika. Vichwa vikageuka. Fidélie alifungua mdomo, akamtazama prefe, akatazama mfuko.

"Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?" akauliza Ntumba. "Kama chupa iko na bia ndani?"

Kicheko kikalipuka nyuma, kwa vijana wa mwaka wa nne. Hicho ndicho kitu pekee cha kweli kilichosikika kiwanjani siku ile. Prefe akaiva uso, akainua mikono miwili:

"Kimya! Wimbo wa taifa!"

Na wote mkaimba. Sheria wakati ule ilikuwa wazi: wimbo ukianza, mtu hasogei. Mkakauka kama misumari, mikono mapajani, na Ntumba naye, mtoto wa kanuni, akakauka langoni. Mtu mmoja tu alitembea wakati wa wimbo, mtumishi wa ofisi aliyebeba mfuko hadi kwenye gari. Ubeti wa mwisho ulipoisha, gari lilikuwa linapinda kona ya Manika.

Alimkuta Dokta Mwenze kwenye baraza ya hospitali, anavaa koti.

"Dokta, ile barua ilikuwa yangu."

"Ntumba," akasema, na kweli kabisa sauti yake ilikuwa na huruma, "ile barua haikuwa na jina."

"Uliniambia nijaze."

"Na haukujaza. Ulinirudishia. Mutu ananirudishia karatasi, anasema ijazwe." Akafunga kifungo cha mwisho. "Njo niliijaza."

Akaingia wodini kuzungukia wagonjwa. Ukutani, kwa makaa, kipimo kilikuwa bado kinasomeka toka mlangoni.

Walikaa gare wiki tatu, juani na mvuani. Ntumba alitibu watoto kando ya reli kwa maji na chumvi, na nyinyi mlipita. Kisha treni ikaja, mabehewa ya madini, wakapakiwa. Leo yuko Mwene-Ditu, huko Kasai, na wazazi wake, katika nyumba ya udongo ya watu wasiowafahamu, na wenyeji wanamwita "Mkatanga" kwa sababu ya Kiswahili chake.

Lakini haikuisha, na ndiyo sababu unaambiwa haya. Chuo kilichofunguliwa kule Kasai kimekubali kumpokea. Kimejua yaliyotokea, maelfu wamefika pale bila karatasi. Kinasema: badala ya barua ya daktari, lete ushahidi wa watu watano waliokuona ukifanya kazi, kila mmoja ameandika jina lake lote na mahali anapokaa. Watano. Dosie inafungwa mwisho wa mwezi huu.

Ntumba aliandikia watu kumi na wanne wa Kolwezi. Mama mmoja, ambaye pacha wake wote wawili walitoka wodi ile kwa miguu yao, alituma samaki wakavu. Mwalimu wa kemia alituma zaburi. Muuguzi aliyekesha naye zamu moja siku kumi na moja alituma salamu, tena kwa mdomo, kupitia mtu mwingine. Wengine hawakutuma kitu. Sahihi: hakuna hata moja.

Sasa ni wewe. Leo ni Jumatatu. Tshilombo, fundi wa reli anayekaa Manika nyuma ya soko, anaondoka na treni ya Alhamisi na amekubali kubeba bahasha. Zinatakiwa tano. Usimtumie Ntumba samaki, hana njaa ya samaki. Usimwombee. Chukua karatasi sasa hivi, hata ya daftari la mtoto. Andika jina lako, lote, na la baba yako, na mtaa na nambari ya mlango. Andika: nilimwona Ntumba Badibanga akifanya kazi. Sema ulichoona, kwa mistari mitatu, inatosha. Tia sahihi. Usimpe mtu akupelekee. Vaa viatu, peleka mwenyewe, mchana, na ukiulizwa njiani umebeba nini, jibu.